Nani ameshika ufunguo wa ECG?

Mtambo mpya wa kuzibua mishipa ya moyo ukizinduliwa, picha za gazetini huwa za mashine na madaktari. Sina kinyongo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 pale Muhimbili, imewaokolea Watanzania wengi nauli ya India, na wanaofanya kazi hiyo wanastahili kupigwa picha. Ila mimi ni muuguzi. Nimekaa mapokezi ya dharura, kisha nikahamia wodi ya moyo, na kwa mgonjwa anayeletwa kifua kimembana saa nane usiku, kazi ya daktari mwenye waya ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Akishaingia kathlabu, yaani chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, mara nyingi mshipa huzibuliwa ndani ya saa moja. Muda unaoua umeshapita kabla daktari hajavaa glovu, na mengi yanayomrudisha mgonjwa hatarini hutokea akishazivua. Vipande hivyo viwili, cha kabla na cha baada, viko mikononi mwa wauguzi.

Kwa asiyejua: mshtuko wa moyo tunaouzungumzia hapa hutokea bonge la damu linapoziba ghafla mshipa unaoulisha msuli wa moyo. Msuli uliokosa damu huanza kufa, na kila saa inayopita sehemu iliyokufa inapanuka. Tiba bora ni kupitisha waya mwembamba kutoka mkononi au pajani hadi kwenye mshipa ulioziba, kupuliza puto dogo, na kuacha stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, ili njia isijifunge tena. Puto la kwanza kwenye moyo wa mtu aliye macho lilipulizwa na Andreas Grüntzig mjini Zurich, tarehe 16 Septemba 1977. Miongozo ya leo inataka kipimo cha ECG, kile kinachochora umeme wa moyo, kifanyike na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa akutane na mhudumu wa kwanza. Wamarekani walijiwekea dakika 90 kutoka mlangoni hadi puto. Wazungu wa Ulaya wanasema dakika 60 tangu ugonjwa utambulike, kama hospitali ina kathlabu yake. Na kama mgonjwa hataweza kufikishwa ndani ya dakika 120, basi apewe dawa ya kuyeyusha bonge hapo hapo alipo, ndani ya dakika 10.

Dakika 10 za ECG. Nani anaipima? Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, mashine ya ECG ilifungiwa ofisini isije ikaibwa nyaya zake, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa kitengo, ambaye saa kumi jioni alikuwa ameshapanda daladala. Usiku, mgonjwa mwenye maumivu ya kifua aliandikishwa, akalipia, akamsubiri daktari wa zamu amwandikie kipimo, kisha mtu akaanza kupiga simu kumtafuta mwenye ufunguo. Ukutani palikuwa na bango zuri lenye hatua zote za kumhudumia mgonjwa wa moyo, limepigwa laminesheni. Hatua ya kwanza: ECG ndani ya dakika 10.

Bango lile ndilo lililonifanya niwe na msimamo nilio nao. Huduma iliyopangwa hatua kwa hatua inaokoa watu, ninaamini hivyo, lakini pale tu inapomkabidhi muuguzi ruhusa pamoja na wajibu. Mpango unaosema "muuguzi apime ECG" huku mazoea yanasema asubiri kuandikiwa haujapanga lolote.

Suala la ufunguo lina historia ndefu kwenye tiba hii. Mwaka 1929, huko Eberswalde karibu na Berlin, daktari kijana Werner Forssmann alitaka kuthibitisha kwamba mrija unaweza kupitishwa kwenye mshipa hadi moyoni bila kumuua mtu. Mkubwa wake alikataa. Vifaa vilivyotakaswa vilikuwa kabatini, na mwenye dhamana ya kabati alikuwa muuguzi, Gerda Ditzen. Forssmann akamshawishi hadi akakubali, tena kwa sharti kwamba mrija upitishwe kwake yeye. Akamfunga kwenye meza kana kwamba anamwandaa, kisha akajipitishia mwenyewe mrija wa sentimita 65 mkononi. Ditzen alipogundua alikasirika, lakini akafunguliwa, wakashuka pamoja hadi chumba cha eksirei kupiga picha ya kuthibitisha. Mwaka 1956 Forssmann akapewa Nobeli pamoja na wenzake wawili. Sijui kwa nini hadithi hii husimuliwa kama ya ujasiri wa mtu mmoja. Mwenye ufunguo asingekubali, kusingekuwa na mrija wala picha.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi yetu ni wa Philadelphia, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku hizo mgonjwa wa mshtuko wa moyo alilazwa, akatulizwa maumivu, akasubiriwa. Wengi walikufa ghafla moyo ulipoanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga, na mashine ya kuushtua urudi kwenye mdundo ilikuwepo. Tatizo likawa kwamba ubongo hausubiri zaidi ya dakika chache, na daktari hawezi kukaa kando ya kila kitanda. Dk. Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo, katika Hospitali ya Presbyterian, wakafanya jambo lililowashtua wengi: wakawafundisha wauguzi kusoma mdundo kwenye kioo, na wakawaruhusu kuushtua moyo wenyewe bila kumngoja daktari. Vyumba vya uangalizi wa moyo tunavyovijua leo vimejengwa juu ya ruhusa ile.

Mbinu ya kuandika huduma kama ratiba ilikuja baadaye. Katikati ya miaka ya 1980 wauguzi wa New England Medical Center mjini Boston, Karen Zander akiwa mmoja wa viongozi wao, waliazima mbinu ya wahandisi ya kupanga miradi, ile ya kujua kazi ipi ikichelewa inachelewesha zote, wakaipeleka wodini. Leo hospitali za China ndizo zinazoandika sana kuhusu ratiba za uuguzi kwa wagonjwa wa puto la dharura. Nimezisoma ripoti kadhaa, na karibu zote zinasema waliohudumiwa kwa ratiba walifika kwenye puto mapema, wakapata madhara machache, wakawa na hofu ndogo. Nyingi ni za hospitali moja, wagonjwa si wengi, na anayepima matokeo ndiye aliyeitunga ratiba. Kundi la kulinganisha huitwa "huduma ya kawaida", na ukiuliza kawaida ni ipi, hupati jibu. Nazisoma kwa tahadhari, lakini orodha zao za kazi nazinakili bila haya, maana zimeandikwa na watu waliosimama pale.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa Marekani. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Elizabeth Bradley wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha hospitali 365 ili waone zinazofanya haraka zinatofautiana vipi na nyingine. Ubora wa mashine haukuwa kwenye majibu yao. Hospitali zilizomruhusu daktari wa dharura kuiita timu ya kathlabu bila kwanza kumwuliza bingwa wa moyo ziliwahi kwa dakika kama 8. Zilizoita timu nzima kwa simu moja ziliwahi kwa kama dakika 14. Zilizotaka watu wafike ndani ya dakika 20 tangu kuitwa ziliwahi kwa dakika 19. Hayo yakafanywa kampeni ya nchi nzima, na wastani wa mlangoni hadi puto ukashuka kutoka dakika 96 mwaka 2005 hadi 64 mwaka 2010. Zisome tena mbinu hizo utaona zote ni za ruhusa na simu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo napenda kukaa.

Mgonjwa akishathibitika kwa ECG, wauguzi wawili wanatosha kama kila mmoja anajua upande wake. Mmoja ni wa mwili. Anaweka kanula ya mshipani mkono wa kushoto, kwa sababu daktari atataka kifundo cha mkono wa kulia. Ukitoboa kulia umemharibia njia. Anatoa damu ya vipimo papo hapo kwenye kanula, anabandika pedi za mashine ya kushtua moyo kifuani mapema, hata kama mgonjwa anaongea vizuri, kwa sababu akizimika njiani kwenye lifti hakuna wa kuanza kufungua pakiti. Anampima uzito, au anamwuliza na kumwangalia kwa jicho la kukadiria, kwa kuwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, hutolewa kwa kilo. Aspirini miligramu 300 inatafunwa. Itafunwe kweli, hata kama mzee anaomba maji aimeze, maana ikitafunwa inaingia kwenye damu upesi zaidi. Dawa hii ya bei ya peremende, katika utafiti mkubwa wa mwaka 1988 uliohusisha watu zaidi ya 17,000, ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikiwa peke yake. Kinena kinanyolewa pia, mkono ukigoma. Meno ya bandia yanatoka. Mkojo unakwenda sasa, si mezani.

Mwingine ni wa maneno. Maumivu yalianza saa ngapi, hasa? "Tangu jana" haitoshi. Adhana ya alfajiri ilikuwa imelia? Ana mzio? Amewahi kutapika damu, amepata kiharusi, amefanyiwa upasuaji karibuni? Na lile swali linalohitaji pazia: "Mzee, samahani sana, kuna dawa yoyote ya nguvu za kiume umetumia leo au jana?" Mke yuko pembeni, shemeji yuko pembeni, kijana wa kwanza yuko pembeni. Ukiuliza mbele yao jibu ni hapana, na ukiweka kidonge cha naitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, chini ya ulimi wa mtu aliyemeza dawa hizo jana usiku, presha inaweza kuanguka vibaya. Kwa hiyo ratiba yetu ina mstari usio kwenye vitabu vingi: ndugu watolewe nje kwanza kwa kazi maalumu, mmoja akachukue kadi ya bima, mwingine akaweke sahihi mapokezi. Wakirudi, swali limeshajibiwa. Ukiwa na baba wa makamo ya baba yako, mwachie mwanamume mwenzake amwulize, kama yupo zamu. Bruda mmoja kazini kwetu tumemkabidhi swali hili rasmi na analiuliza vizuri kiasi kwamba wazee humshukuru.

Ridhaa nayo. Daktari anaeleza, lakini ndugu humgeukia sista kuuliza kilichosemwa. Wakisikia "tunapitisha waya moyoni", wengi huomba muda wakapige simu kijijini, kwa baba mkubwa, aliye na sauti kwenye ukoo. Sikejeli, ndivyo familia zetu zinavyoamua mambo mazito. Tumejifunza kumwomba baba mkubwa kwenye simu sisi wenyewe, spika ikiwa wazi, mgonjwa akiendelea kuandaliwa. Mara nyingi anakubali upesi kuliko waliokuwa wakimwogopa.

Mezani mgonjwa yuko macho. Chumba kina baridi, mashine kubwa inazunguka kichwani, watu wamevaa aproni nzito za risasi na wanaongea lugha ya namba. Muuguzi anayesimama upande wa kichwa ana macho kwenye kioo na mdomo kwa mgonjwa. Mshipa ukifunguka, moyo unaweza kupiga ovyo kwa muda; mara nyingi hutulia wenyewe, mara nyingine ndipo zile pedi zinapotumika. Mgonjwa akiambiwa mapema "utasikia moyo unarukaruka, na joto kifuani rangi ya eksirei ikiingia, usishtuke", hatikisiki. Asipoambiwa hudhani ndiyo roho inatoka, anajaribu kukaa.

Kisha wodini. Kama njia ilikuwa kifundo cha mkono, kuna bangili ya hewa inayobana tundu. Kazi ni kuitoa hewa kidogo kidogo kwa saa kadhaa, na kuangalia kidole gumba: kina joto, kina rangi, kipimo cha oksijeni kinasoma? Kila dakika 15 saa ya kwanza. Kama njia ilikuwa pajani, mguu haukunjwi, kichwa hakiinuliwi sana, na shuka linafunuliwa kila mara, kwa sababu damu inaweza kuvuja chini ya ngozi huku mgonjwa amelala kwa amani. Ninachowasisitizia wanafunzi kuliko vyote ni mgongo. Mgonjwa aliyetobolewa pajani akilalamika mgongo unauma, presha ikishuka na mapigo yakipanda, usimpe panadol ukaondoka. Damu inaweza kuwa inajikusanya nyuma ya tumbo usikoiona. Hapo tena naulizia ruhusa: je, muuguzi wa zamu anaweza kumwita bingwa moja kwa moja saa tisa usiku, au lazima apitie kwa daktari wa mafunzo anayeogopa kuamsha wakubwa? Ratiba nzuri huandika namba ya simu na maneno "piga, usiombe radhi". Mkojo nao unapimwa, kwa kuwa rangi ya eksirei inapitia kwenye figo, na wengi wa wagonjwa wetu wana kisukari tayari.

Nisijidanganye kuhusu mipaka ya haya yote. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Marekani uliowakatisha tamaa watu wengi: kati ya 2005 na 2009 dakika za mlangoni hadi puto zilishuka kutoka 83 hadi 67, lakini vifo vya hospitalini vilibaki karibu pale pale, asilimia 4.8 na 4.7. Mabishano yalikuwa mengi. Maelezo mojawapo yanaingia akilini mwa yeyote aliyefanya kazi mapokezi kwetu: saa inayohesabiwa huanza mlangoni, ilhali moyo ulianza kufa nyumbani. Hapa Dar mtu hubanwa na kifua usiku akasema ni gesi, au vidonda vya tumbo, akanywa magnesia, akalala. Wanawake na wenye kisukari huenda wasisikie maumivu ya kifua kabisa. Ni jasho, kichefuchefu, pumzi kukatika. Asubuhi anakwenda duka la dawa.

Na hata akifika, si lazima atambuliwe. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2020 uliwapima kwa makusudi watu waliofika dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo, wengi wao hawakuwa wametambuliwa katika huduma ya kawaida, na ndani ya siku 30 zaidi ya wanne kati ya kila kumi wenye mshtuko walikuwa wamefariki. Nilichokipenda ni kilichofuata: timu ile ile ilibuni na wahudumu wa pale pale mambo rahisi, miongoni mwake kadi ya kumtia alama mgonjwa tangu anapopokewa, ili kila anayemgusa ajue kwamba huyu anadai ECG. Kadi haina umeme wala haihitaji fundi kutoka nje. Inampa muuguzi wa mlangoni sababu ya kuanza bila kumwuliza mtu.

Kwa mikoa isiyo na kathlabu karibu, ratiba haipotei, inabadilika tu. Mgonjwa wa Mpanda au Tunduru hatafika Dar kwa dakika 120, hata tukiomba dua. Kinachotakiwa ni dawa ya kuyeyusha bonge iwepo kwenye friji ya hospitali, orodha ya maswali ya nani asipewe iwe ukurasa mmoja, na muuguzi ajue kuitundika dripu huku jicho likiwa kwenye presha na fizi, maana damu huanzia kutoka hapo.

Siku ya kuruhusiwa, wengi huuliza chuma kitatolewa lini. Hakitolewi. Kitafunikwa na ngozi ya ndani ya mshipa, na mpaka hapo damu inaweza kugandia juu yake, ndiyo maana klopidogreli na aspirini, dawa mbili za kuzuia damu isigande, hutumiwa pamoja, kwa kawaida mwaka mzima. Wanaoziacha huwa na sababu zinazoeleweka: fedha zimeisha, kaumia tumbo, daktari wa meno kamwambia asitishe kabla ya kung'oa, au Ramadhani imeingia na hataki kufungua. La Ramadhani ndilo jepesi, klopidogreli ni mara moja kwa siku, daku au futari inatosha, ingawa kama moyo umedhoofika tunazungumza pia kuhusu kutofunga mwaka huu. La fedha ni gumu, na hapo huwa namwita afisa ustawi wa jamii kabla mgonjwa hajavaa viatu. Kadi anayoondoka nayo ina tarehe ya stenti, mshipa uliowekwa, majina ya dawa, na nyuma namba ya simu ya wodi. Anayeipokea ni muuguzi wa zamu, na kwenye ratiba yetu imeandikwa kwamba anaweza kumjibu daktari wa meno yeye mwenyewe: usisitishe dawa, subiri tukuunganishe na daktari wake.